Vibarua wa Kilindini na Gharama ya Kuugua

Reli ya Uganda ilihesabu wagonjwa wake. Katika Wahindi 31,983 walioletwa kwa mkataba kuijenga kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, 2,493 walikufa na 6,454 walirudishwa kwao wakiwa wameugua au kuumia kiasi cha kutofaa tena kwa kazi. Ni hesabu ya kutisha, lakini ipo. Ipo kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na mkataba, na mkataba ulimtwisha aliyemwajiri mzigo wa chakula, tiba na nauli ya kurudi. Mtu akilala kitandani, hasara ilikuwa ya serikali, na serikali huandika hasara zake.

Waliokuja baadaye kupakia na kupakua meli zilizotegemea reli hiyo walikuwa na hali nyingine. Wengi wao walikuwa vibarua. Mtu alichaguliwa asubuhi, akalipwa jioni, na kesho yake akasimama langoni kama mgeni mbele ya msimamizi yule yule. Homa ikimpata usiku, haikumhusu mwajiri. Asubuhi mahali pake palikuwa na mwingine, na meli iliondoka kwa wakati.

Historia ya wafanyakazi wa bandari ya Mombasa husimuliwa mara nyingi kama historia ya migomo na mishahara. Inaweza pia kusomwa kama mvutano mrefu kuhusu siku ambayo mtu hawezi kwenda kazini, na nani anayeigharamia.

Kazi ya kutwa haikuletwa na Waingereza. Katika miji ya pwani ya karne ya kumi na tisa, Mombasa na Unguja, watumwa wengi wa mjini walitafuta vibarua kwa siku: kubeba mizigo, kuteka maji, kusafisha karafuu au gundi kwenye maghala ya wafanyabiashara, kisha ujira ukagawanywa baina ya mtumwa na bwana wake. Utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, wengi waliokuwa wamezoea kazi hiyo waliendelea nayo, ila sasa ujira wote ulikuwa wao. Waliungana nao Wahadhrami, mahamali hodari waliotoka upande wa pili wa bahari, na Wamijikenda kutoka Kwale, Kilifi na vijiji vya nyuma ya mji. Kwa mtu ambaye yeye au babake alikuwa mali ya mtu, kuajiriwa kwa siku moja tu kulikuwa na ladha yake. Hakuna aliyeweza kumwambia arudi kesho.

Bandari nayo ilimtaka mtu wa aina hiyo. Gati za kina kirefu za Kilindini zilianza kutumika katika miaka ya 1920, na kazi yake haikuwa na mpangilio wa saa. Meli tatu zikiingia kwa pamoja, kampuni za kupakua zilihitaji mamia ya watu usiku na mchana. Bahari ikikaa tupu, hazikumhitaji hata mmoja. Kumwajiri mtu kwa mwezi kungekuwa kumlipa kwa siku za kukaa kitako. Sheria za kazi za wakati huo nazo zilichangia kwa namna yake. Aliyemwajiri Mwafrika kwa mwezi au kwa mkataba alitakiwa amtafutie mahali pa kulala na amsaidie kwa dawa anapougua. Kwa kibarua wajibu huo haukuwepo. Ilidhaniwa tu kwamba kodi ya chumba, chakula na dawa vyote vimo ndani ya ujira wake wa siku, ambao kwa hesabu ya siku moja moja ulikuwa mkubwa kidogo kuliko wa mtu wa mwezi.

Maofisa wa kikoloni walilalamika kwa miaka mingi kwamba kibarua wa Mombasa ni mvivu, anafanya kazi siku chache za mwezi na zilizobaki anazurura. Lawama hiyo inastahili kupinduliwa. Mdigo, mmoja wa Wamijikenda wa Kwale, aliyevuka Likoni kwenda Kilindini alikuwa na minazi, mihogo na mahindi nyumbani. Alifanya kazi ya magunia kwa siku nne, tano, mpaka mgongo ukamwambia basi, kisha akarudi kijijini kula, kulala na kulima. Alipopata homa hakuhitaji ruhusa ya daktari wala ya msimamizi. Likizo yake ya ugonjwa ilitolewa na shamba, na muuguzi wake alikuwa mke au mama. Kwa mtu kama huyo kazi ya muda haikuwa lazima imdhuru mwili. Yamkini ilimlinda, kwa kuwa ilimruhusu kuacha kabla hajaishiwa nguvu.

Na kazi yenyewe ilikuwa ya kuishiwa nguvu. Shehena ya wakati huo ilikuja katika magunia, marobota na makreti, na kila kimoja kilipita mabegani mwa mtu angalau mara moja kati ya tumbo la meli na behewa la treni. Kahawa na pamba za Uganda zilitoka, saruji na vyuma viliingia, na magadi kutoka ziwa la Magadi yaliacha vumbi lililochoma macho na koo. Gunia la kahawa peke yake lina kilo 60. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipopendekeza kiwango cha juu cha mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja, lilitaja kilo 55. Juu ya hayo kulikuwa na winchi, kamba zilizokatika, mizigo iliyoning'inia kichwani mwa gengi zima, na zamu za usiku katika meli zenye mwanga hafifu. Anayelipwa kwa siku hushawishika kufunga zamu mbili pamoja meli zikiwepo, maana hajui kesho kutakuwa na nini. Saa za mwisho za zamu ya pili ndipo mkono unapochelewa kuachia kamba.

Mpango ule wa shamba ulikuwa na kasoro kubwa: haukuwa wa kila mtu, na ulikuwa ukimomonyoka. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wathibitishe madai yao ya ardhi, na matokeo yake Wamijikenda wengi walijikuta maskwota kwenye mashamba ya watu wenye hati. Wakati huo huo walizidi kuja Wajaluo, Waluhya, Wakamba na Wakikuyu, ambao shamba lao lilikuwa mamia ya maili kutoka Kilindini. Wa Nyanza hakuweza kwenda kulala siku mbili nyumbani na kurudi. Alipanga kitanda, wakati mwingine sehemu ya chumba tu, katika nyumba za Majengo, ambako wenye nyumba walijenga kwenye ardhi ya kukodi na kufidia kodi hiyo kwa kujaza wapangaji. Kifua kikuu hakihitaji mazingira mazuri kuliko hayo.

Kilichobaki kwa watu hao kilikuwa kutegemeana. Vyama vya beni, ambavyo wazungu waliviona kama ngoma na mavazi ya kuiga jeshi, viliwachangia pia wagonjwa na kuwazika wafu. Baadaye vyama vya makabila, kama Luo Union na Mijikenda Union, vilibeba sehemu ya mzigo huo. Waswahili wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Kwa kibarua aliyeangukiwa na sanduku la chuma methali hiyo ilikuwa ndiyo bima yake, ingawa janga hakulichuma yeye.

Katika migomo ya miaka ya 1930 malalamiko kuhusu hali hii yanasikika chini chini. Wafanyakazi wa bandari waligoma mwaka 1934 kampuni zilipojaribu kupunguza ujira. Kati ya Julai na Agosti 1939 mji ulitikiswa na mgomo mkubwa zaidi, ulioanzia kwa vibarua na watu wa idara ya ujenzi na kuenea hadi bandarini, na malazi yalikuwa katikati ya ugomvi. Serikali iliunda tume, tume ikaona vyumba, na kwa mara ya kwanza maofisa wakalazimika kuandika kwa marefu jinsi watu walioijenga bandari walivyolala.

Halafu ikaja Januari 1947. Kuanzia tarehe 13 watu wapatao 15,000 waliacha kazi: wa reli, wa bandari, wa mahoteli, matarishi, hata wapishi wa majumbani. Walikutana kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, na kutokana na mgomo huo likazaliwa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, ambalo Chege Kibachia alikuja kuwa kiongozi wake anayejulikana zaidi. Walidai malipo sawa kwa kazi sawa, nyongeza kwa sababu ya gharama za maisha, na posho kwa ajili ya wake na watoto. Dai hilo la mwisho ndilo lililogusa mzizi. Ujira wote wa kikoloni ulihesabiwa kwa mwanamume mmoja asiye na familia mjini, ambaye siku akichakaa atarudi kijijini kutunzwa bure. Kudai posho ya watoto ni kukataa kuwa mtu wa muda. Mgomo ulimalizika baada ya Eliud Mathu, mjumbe Mwafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, kwenda kuzungumza na wagomaji, jaji akateuliwa kusuluhisha, mishahara ikapanda kiasi. Kabla mwaka haujaisha Kibachia alikuwa amekamatwa na kupelekwa kizuizini Kabarnet, mbali kabisa na bahari.

Bandari nyingine za pwani hazikukaa kimya. Septemba ya mwaka huo huo mgomo ulianzia bandarini Dar es Salaam ukasafiri na reli kwenda bara. Mwaka uliofuata zamu ilikuwa ya Unguja, na mgomo wa makuli wa 1948 ukaja kupewa uhai katika riwaya ya Shafi Adam Shafi, Kuli. Wasomaji wengi wa Kiswahili wameyajua maisha ya bandarini kwa riwaya hiyo kuliko kwa ripoti yoyote ya tume.

Kilichobadilika baada ya 1947 ni fikra za watawala, na hapa pana kejeli inayostahili kukaliwa kidogo. Mjini London mjadala kuhusu vibarua wa bandari ulikuwa wa zamani. William Beveridge, katika kitabu chake cha 1909 kuhusu ukosefu wa kazi, alieleza jinsi kuajiri kwa siku kulivyozalisha kundi la watu ambao hawana kazi ya kutosha kuishi wala hawana sababu ya kutosha kuondoka. Uingereza ilichukua hadi 1947 kuweka mpango wa kitaifa wa kuwaandikisha na kuwahakikishia malipo watu wa bandarini. Mombasa, maofisa waliobeba fikra hizo waliziunga na hofu yao wenyewe. Walitaka kuondoa ukibarua kwa sababu umati usiojulikana majina unaweza kugoma bila kiongozi wa kukamata. Afya ya mtu aliyebeba gunia iliingia katika hoja yao ikiwa sehemu ya tija: mtu anayekula vizuri na kulala na familia yake hubeba zaidi. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Kamishna wa Kazi Carpenter ilisema wazi kwamba ujira wa kapera hautoshi, na kwamba Kenya inahitaji mfanyakazi anayeweza kuishi mjini na mkewe na watoto.

Mwafaka ulipatikana kwa sababu zisizofanana, kama inavyotokea mara nyingi. Vibarua waliandikishwa, wakapewa kadi, na asiyefikisha idadi ya siku zilizowekwa kwa mwezi alifutwa daftarini. Machi 1955 mgomo wa bandari ulimleta Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, Mombasa kama mpatanishi, na nyongeza iliyopatikana ikakipa nguvu chama cha wafanyakazi wa bandari. Denis Akumu alikiongoza kuanzia mwishoni mwa muongo huo. Kufikia uhuru, sehemu kubwa ya kazi ya Kilindini ilifanywa na watu wa mwezi, wenye likizo, wenye siku za ugonjwa zinazolipwa, na wenye fidia wakiumia. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ilikuwa imepitishwa mwaka 1946, lakini sheria ya aina hiyo humfaa mtu ambaye mwajiri wake anajulikana na jina lake limo katika vitabu. Kazi ya kuchosha mwili ikawa, ndani ya kizazi kimoja, mojawapo ya kazi zenye heshima mjini. Mtu aliitwa wa bandari, na duka la mtaa likamkopesha.

Wapo waliolipa bei ya mafanikio hayo. Yule Mdigo wa siku nne, tano hakuwa na nafasi tena. Kwa macho ya daftari alikuwa mtoro. Uhuru wake wa kupumzika, ambao ndio uliokuwa kinga yake, ulihesabiwa kuwa kosa, na malalamiko ya watu wa pwani kwamba bandari iliwatoka mikononi, ambayo bado yanasikika katika siasa za Mombasa, yana mzizi mmoja hapo.

Ajira ya kudumu ilidumu muda mfupi kuliko ilivyodhaniwa. Makontena yalianza kuchukua nafasi ya magunia katika miaka ya 1970 na 1980, na kreni moja ikafanya kazi ya magengi kadhaa. Halmashauri ya Bandari ya Kenya, iliyoundwa 1978, ilirithi watu wengi kuliko kazi, na sera za kubana matumizi za miaka ya 1990 zikaleta mapunguzo ya wafanyakazi katika mashirika ya umma kote nchini. Kazi za mkono zilizobaki mjini, kwenye maghala, bohari za makontena na viwanda vya nguo vya maeneo ya kusindikia bidhaa za kuuzwa nje, zilirudi kwa vibarua. Langoni asubuhi, kijana wa Changamwe au Miritini husubiri kuchaguliwa kwa namna ambayo mzee wa 1934 angeitambua. Tofauti ni kwamba wengi wao hawana minazi Kwale. Chumba ni cha kupanga, maji ni ya kununua, na hata aliye na kwao bara hutarajiwa kutuma pesa huko, si kwenda kutunzwa.

Madhara ya hali hiyo mwilini yamepimwa zaidi katika nchi zenye takwimu. Nchini Finland watafiti waliwafuatilia wafanyakazi zaidi ya 90,000 wa manispaa katika miaka ya 1990, wakakuta kwamba walioajiriwa kwa muda walikufa kwa kiwango cha juu kuliko wa kudumu, kati ya mara 1.2 na 1.6. Mapitio ya tafiti 27 yaliyochapishwa 2005 yalionyesha kuwa wafanyakazi wa muda husumbuliwa zaidi na msongo na maradhi ya nafsi, na wakati huo huo huchukua siku chache zaidi za ugonjwa kuliko wenzao wa kudumu. Msimamizi asiyefikiri atasoma takwimu hiyo ya pili na kusema vibarua ni wazima. Maelezo yaliyo karibu zaidi na akili ni kwamba wanakwenda kazini wakiwa wagonjwa.

Hispania, nchi iliyokuwa na ajira nyingi za muda barani Ulaya, ilitoa somo jingine. Wafanyakazi wa muda huko walionekana kuumia kazini karibu mara tatu ya wa kudumu. Watafiti walipolinganisha watu wenye umri, kazi na muda sawa wa kuwa mahali pa kazi, tofauti ilikaribia kutoweka. Maana yake, hatari kubwa iko katika ugeni. Mtu aumiaye ni yule ambaye hajui mashine, hajui njia ya kutokea, hajaambiwa sakafu gani huteleza. Kibarua ni mgeni wa kila siku. Mzoefu wa gati alijua kwa mlio tu kwamba winchi ina matatizo, na ujuzi huo hauwezi kugawiwa langoni pamoja na kofia ya plastiki.

Sheria za leo zinamtambua mtu huyu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamweleza kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja, na inasema akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, ajira yake ihesabiwe kuwa ya mkataba. Likizo ya ugonjwa yenye malipo huanza baada ya miezi miwili mfululizo: siku saba za malipo kamili na saba za nusu. Tanzania, kwa sheria ya 2004, ni karimu zaidi kwa siku lakini mtu anatakiwa kwanza afikishe miezi sita. Mwajiri mwerevu hana haja ya kuvunja sheria hizi. Anampumzisha mtu wiki moja, au anamwacha wakala amwajiri upya kwa jina jingine la kampuni, na saa inaanza kuhesabu kutoka sifuri.

Upande wa matibabu, bima ya taifa ya hospitali ilianzishwa 1966 kwa ajili ya watu wa mshahara, na milango ya hiari kwa wengine ikafunguliwa baadaye. Oktoba 2024 ilipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Mwenye mshahara sasa hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi bila kujua. Kaya isiyo na mshahara hukadiriwa kipato chake na kutakiwa kulipa angalau shilingi 300 kwa mwezi, lakini malipo hayo hutozwa kwa mwaka mzima mara moja. Kwa mtu anayelipwa jioni na kununua unga usiku, shilingi 3,600 kwa mkupuo ni fedha ambayo haijawahi kulala mfukoni mwake, na serikali ilipoliona hilo ilianzisha mwaka 2025 mkopo wa kulipia mchango huo kidogo kidogo, ukaitwa Lipa SHA Pole Pole.